Panya Katika Vibanda vya Sungura

Wazee husema kwamba panya huuma na kupuliza. Maana yake ni kwamba humng'ata mtu aliyelala, kisha hupuliza pale alipong'ata, hata mwenyewe asihisi kitu mpaka asubuhi aonapo damu. Mfugaji wa sungura atautambua msemo huu, kwa sababu hivyo ndivyo panya wanavyomharibia mali yake. Hawaji kwa kishindo kama kicheche au mbwa wa jirani. Huja usiku, hula kidogo, huchafua kidogo, hutafuna ubao kidogo. Mwenye sungura haijui hasara yake mpaka siku aonapo gunia la pumba limekwisha kabla ya wakati wake, au afunguapo sanduku la kuzalia akakuta watoto wawili mahali pa saba.

Maneno haya yameandikwa kwa ajili yako wewe uliye na sungura watatu au wanne nyuma ya nyumba, na kwa ajili ya watoto wako, ambao pengine ndio wenye sungura hasa, wawapao majina na kuwakatia majani watokapo shule. Yote utakayoyasoma humu yaweza kufanywa kwa bati kuukuu, wavu wa waya, madebe machache, na bidii ya kila siku.

Jambo kubwa ni moja, nalo ulishike tangu mwanzo: panya hamfuati sungura. Afuata chakula cha sungura na mahali pa kulala. Ukimwua panya mmoja na chakula kikabaki pale pale, mwingine atakuja kukaa katika nafasi yake. Ukikiondoa chakula na maficho, hata panya ambaye hukumwona kamwe atahama. Kwa hiyo tutaanza na chakula, kisha banda, kisha mitego, na mwisho kabisa tutasema habari za sumu, ambayo kwa mfugaji wa sungura ni hatari kuliko panya wenyewe.

MJUE MGENI WAKO

Katika Kiswahili wote twawaita panya, lakini wako wa namna mbalimbali, na yafaa uwatofautishe kabla ya kuanza kazi.

Wa kwanza ni kipanya wa nyumba. Ni mdogo sana, naye hupita katika tundu la robo ya inchi, yaani milimita 6 hivi. Tundu lipitishalo kalamu ya risasi lampitisha kipanya. Kinyesi chake ni kidogo, hakizidi punje ya mchele, na mmoja hudondosha vipande 50 au zaidi kila siku.

Wa pili ni panya shamba, ambaye wakulima wa mahindi wamjua sana. Hukaa mashimoni kondeni na kando ya njia, na baada ya mavuno, mashamba yabakipo matupu, husogea karibu na nyumba kutafuta chakula.

Wa tatu ni panya mkubwa wa darini. Huyu hupita katika tundu la nusu inchi, hupanda kuta na miti kwa wepesi, na kinyesi chake ni kikubwa, chafika nusu inchi kwa urefu. Ukiona kinyesi cha namna hii chini ya banda, fanya haraka, kwa sababu panya mkubwa huwaua watoto wachanga wa sungura.

Sasa fikiri jinsi wanavyozaa. Jike la sungura huchukua mimba siku 31 hivi. Kipanya wa nyumba huchukua siku 19 hadi 21, na watoto wake wafikapo wiki sita au saba nao waweza kuanza kuzaa. Panya shamba huchukua siku 23 hivi, naye mara nyingi huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Basi mtu asemaye, "Nimeona panya wawili tu, si kitu," amehesabu vibaya. Wawili wa mwezi huu si wawili wa mwezi ujao.

HASARA WANAYOLETA

Hasara ya kwanza ni chakula. Kipanya mmoja hula gramu 3 hivi kwa siku, na kwa kusikia hivyo waweza kucheka. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Vipanya 20 hula gramu 60 kila siku, na kwa mwaka mmoja ni karibu kilo 22 za chakula ulichonunua kwa fedha yako. Tena panya huchafua zaidi ya anachokula, kwa kuwa hutembea juu ya chakula akikojoa na kudondosha kinyesi. Sungura ni mnyama mwenye kuchagua: akisikia harufu ya mkojo wa panya katika chombo chake aweza kukiacha chakula chote, nawe utadhani ni mgonjwa.

Hasara ya pili ni watoto wa sungura. Huzaliwa uchi na vipofu, na macho yao hufunguka baada ya siku 10 hivi. Mama yao hakai nao kutwa. Kwa kawaida huingia kuwanyonyesha mara moja tu katika siku, kwa dakika chache, kisha huwaacha wamejifunika manyoya aliyoyanyofoa kifuani mwake. Muda wote huo hawana mlinzi. Panya mkubwa akiingia huwabeba au huwatafuna. Kipanya mdogo huvutwa na nyasi kavu na manyoya yale yenye joto, akafanya kiota humo humo, na jike akishtushwa usiku aweza kuruka sandukuni na kuwakanyaga watoto wake.

Hasara ya tatu ni magonjwa, nayo yakuhusu wewe na jamaa yako pia. Mkojo wa panya waweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa unaoitwa leptospirosisi, ambao ulipozuka katika Mkoa wa Lindi mwaka 2022 watu waliuita homa ya mgunda. Kinyesi chao chaweza kuleta maradhi ya kuhara. Viroboto wao waweza kuchukua tauni. Katika milima ya Usambara, Wilaya ya Lushoto, tauni ilionekana mwaka 1980, ikarudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Mtoto anayelisha sungura kila jioni, akichota pumba kwa mkono katika gunia ambalo panya wamelala ndani yake, yu karibu na mambo haya kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Tena kuna hasara ya nne, ambayo huja baadaye. Palipo na panya, nyoka hupita kuwatafuta. Na nyoka aliyemkosa panya hamkatai mtoto wa sungura.

DALILI ZA KUTAZAMA

Usingoje kumwona panya mchana. Panya aonekanapo mchana, mara nyingi ni dalili kwamba wamekuwa wengi. Tazama mambo haya: kinyesi kandokando ya ukuta na chini ya banda; alama za meno katika mbao na katika pembe za gunia; vinjia vyembamba katika majani; mashimo madogo yenye mdomo laini; na harufu kali ya mkojo mahali palipofungika.

Kama una shaka, fanya jaribio jepesi. Jioni nyunyiza majivu laini chini ya banda na mbele ya stoo ya chakula. Asubuhi na mapema, kabla kuku hawajafunguliwa, tazama alama za miguu. Majivu yatakuonyesha wanatoka upande gani na wanakwenda wapi. Ukiona mashimo, yazibe kwa majani makavu wakati wa jioni. Shimo litakalokuwa limefunguliwa kesho yake lina mwenyewe. Lile lililobaki limezibwa ni gofu.

CHAKULA KWANZA

Hapa ndipo penye ugumu, nao yafaa usemwe wazi. Kuku hulala jua likitua, na mfugaji aweza kuondoa chakula chao chote usiku. Sungura si hivyo. Kwa asili yake hula zaidi jioni, usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo panya hutembea. Ukimwondolea kila kitu usiku utamtesa, na tumbo la sungura halivumilii njaa ndefu. Basi tutafanyaje?

Jibu ni kugawanya chakula. Kila sungura ahitaji majani wakati wote, lakini pumba, nafaka na chakula cha dukani ni cha kipimo. Panya hutamani nafaka na pumba kuliko majani. Kwa hiyo toa pumba au nafaka saa kumi alasiri, kwa kipimo kitakachokwisha. Saa mbili usiku, kabla hujalala, pita na taa, uondoe mabaki yote ya nafaka katika vyombo. Kisha waachie majani na nyasi kavu katika hori la waya, wale mpaka asubuhi. Jike lenye mimba au linalonyonyesha lahitaji zaidi. Nyongeza yake lipe asubuhi kukiisha kupambazuka. Kama unataka kubadili saa zako za kulisha, badili kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, ili sungura wazoee.

Chombo cha chakula kiwe kizito, kama chungu kidogo cha udongo chenye ukingo ulioingia ndani, au kopo lililofungwa kwa waya ukutani, ili sungura asikipindue. Chakula kimwagikacho chini ni karamu ya panya. Chini ya banda tandika bati lililoinama, ili kinyesi na makombo viteremke mahali pamoja, nawe uvizoe kila asubuhi. Samadi ya sungura ni mbolea njema sana kwa mboga. Ipeleke kwenye shimo la mbolea lililo mbali na banda, hatua 20 au zaidi.

Ghala ya chakula ndiyo mizizi ya mambo yote. Gunia halimzuii panya hata dakika tano. Kuliinua juu ya mawe au kulitundika kwa kamba hakutoshi, kwa kuwa panya hupanda kamba. Tia chakula katika debe au pipa la bati lenye kifuniko kinachobana. Debe la plastiki jembamba laweza kutafunwa, maana meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, naye hana budi kutafuna ili yasirefuke mno. Ukikuta kinyesi cha panya ndani ya chakula, usikichekeche ukakitumia. Kitupe shimoni ukifukie.

BANDA LISILOINGILIKA

Wafugaji wengi hununua wavu wa kuku wakidhani wamemaliza kazi. Wavu wa kuku humzuia sungura asitoke, lakini kipanya hupita humo kama mtu apitaye mlangoni. Kwa kuta na milango tumia wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi robo ya inchi. Uupigilie upande wa nje wa mbao, kwa misumari ya pete iliyokaribiana, ili pasiwe na mahali ulipolegea.

Sakafu ni jambo lingine. Wavu wa robo inchi hauwezi kuwekwa sakafuni, kwa sababu kinyesi cha sungura hakitapita, kitajaa juu yake, na sungura watapata vidonda vya miguu na maradhi ya tumbo. Sakafu hutaka matundu ya nusu inchi, na tundu hilo humpitisha kipanya. Basi ni lazima umzuie panya asiifikie sakafu kabisa, na kazi hiyo ni ya miguu ya banda.

Inua banda juu ya miguu ya futi 3. Karibu na juu ya kila mguu vika kofia ya bati: kata bati la mviringo, toboa katikati, ulipitishe katika mguu, likae kama mwavuli ulioenea inchi 9 kila upande. Ni namna ile ile inayotumiwa katika maghala ya mahindi. Panya hupanda mguu mpaka chini ya mwavuli, kisha hushindwa kupita. Kama huna bati la kutosha, chukua kopo kubwa la mafuta, toboa kitako chake, ulivike mguuni mdomo ukitazama chini. Hakikisha pale kopo linapogusa mguu hapana nafasi.

Lakini mwavuli hauna faida kama umemwachia panya daraja. Banda lisiguse ukuta wa nyumba. Liwe mbali hatua mbili. Tawi la mti lisifike juu yake. Usiegemeze jembe, fito wala kuni kwenye banda. Usiache majani ya sungura yakining'inia kutoka hori mpaka chini. Katika mabanda mengi yaliyojengwa vizuri panya huingia kwa ufagio uliosahauliwa jioni.

Usijenge ukuta wala sakafu ya tabaka mbili. Nafasi ya katikati itakuwa nyumba ya panya, nawe hutawafikia. Paa la makuti au nyasi ni baridi, nalo huwapendeza sungura, ila ni maficho mazuri ya panya; ukilitumia, likague kila wiki. Paa la bati ni salama zaidi, lakini banda liwekwe kivulini, kwa kuwa sungura hufa kwa joto upesi kuliko kwa baridi.

Tundu lolote utakaloliona, liwe la nyumbani au la stoo, lijaze waya laini wa kusugulia sufuria, kisha upake saruji juu yake. Usitumie tambara wala ubao peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa panya ni mdogo kuliko ufa mwingine wowote.

MITEGO

Ukiisha kuondoa chakula, panya watakuwa na njaa, na huo ndio wakati wa kutega. Mpango huu una sababu. Mtego uliowekwa karibu na pumba iliyomwagika haumvuti mtu. Tena usifyeke majani yote yanayozunguka banda kabla ya kutega, maana utawafukuza panya waingie nyumbani mwako. Tega kwanza kwa siku kadhaa, kisha fyeka, uache uwanja mweupe wa hatua tatu kuzunguka banda.

Mtego wa kufyatuka uwekwe kando ya ukuta au kando ya kinjia chao, upande wa chambo ukielekea ukuta, kwa kuwa panya hupenda kutembea akigusa kitu ubavuni. Kipanya haendi mbali na kiota chake, kwa hiyo weka mitego mingi iliyokaribiana, hatua mbili au tatu kati ya mmoja na mwingine. Mitego mitano usiku mmoja yafaa kuliko mmoja kwa siku tano. Kipanya hupenda kukichungulia kitu kipya, naye hunaswa upesi. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni; kwake uache mtego wenye chambo bila kuutega kwa siku tatu au nne, mpaka azoee kula hapo, ndipo uutege. Chambo chema ni karanga zilizopondwa, nazi iliyochomwa, au kichwa cha dagaa.

Kama huna fedha ya mitego, tengeneza mtego wa debe. Tia maji katika debe kimo cha shubiri. Toboa gunzi la mahindi katikati kwa urefu, upitishe waya, uulaze waya juu ya mdomo wa debe, gunzi likiweza kuzunguka kwa wepesi. Paka gunzi karanga zilizopondwa, kisha egemeza kijiti kiwe ngazi. Panya atapanda, atakanyaga gunzi, nalo litazunguka na kumtumbukiza. Mtego huu hunasa wengi kwa usiku mmoja. Lakini debe lenye maji ni hatari kwa mtoto mdogo. Liweke mahali pasipofikiwa na watoto, na asubuhi limwage.

Mitego yote iwe nje ya banda, chini ya sanduku lililotobolewa milango midogo, ili isimwumize kuku, ndege wala mtoto. Ikague kila alfajiri, na mnyama aliyenaswa bila kufa mwue mara moja, asiteseke. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kutumia gundi ya panya. Humtesa panya, tena hunasa ndege na mijusi waliokuwa wakikusaidia kula wadudu.

PAKA NA BUNDI

Paka ni msaada, hasa kuzunguka stoo ya chakula. Lakini kwa paka mtoto wa sungura na panya ni nyama moja, kwa hiyo wavu wa banda uwe imara. Tena kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu vinavyowadhuru sungura na wanawake wenye mimba. Usiache paka alale katika nyasi utakazowapa sungura.

Bundi watu wengi humchukia, wakisema ni ndege wa uchuro. Huyu ni mwindaji wa panya mwenye bidii kuliko paka, tena hakudai chochote. Akikaa katika mti wako, mwache.

HABARI ZA SUMU

Sasa twafika penye neno zito kuliko yote. Mfugaji aliyechoka na panya hukimbilia sumu, huichanganya na pumba au mahindi, na kuiweka chini ya banda. Fikiri jambo hili kwa utulivu. Chambo cha panya hutengenezwa kwa nafaka, na nafaka ndiyo chakula cha sungura. Panya hubeba punje na kuzificha mahali pengine, pengine katika nyasi za sanduku la kuzalia. Sungura hawezi kutapika; alichokimeza kimebaki tumboni.

Sumu nyingine huzuia damu isigande. Panya aliyeila hafi mara moja. Hukaa siku kadhaa akitembea kwa kulegea, hata mchana, na paka, mbwa, kuku au bundi humkamata na kumla, nao wakadhurika. Sumu nyingine, ile ya unga mweusi uitwao zinki fosfidi, hutoa hewa ya kuua ndani ya tumbo, wala haina dawa ya kuipoza. Na zile zinazouzwa njiani katika vifuko visivyo na maandishi hakuna ajuaye kilichomo ndani yake. Mtoto aliyepewa kazi ya kulisha sungura hawezi kutofautisha punje ya sumu na punje ya chakula. Kumpoteza sungura kwa panya ni hasara. Kumpoteza mtoto kwa sumu ya panya hakuna hesabu yake.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: karibu na banda la sungura usitumie sumu. Kama panya wamezidi kijiji kizima, nenda kwa bwana shamba mpange pamoja na majirani, kwa maana panya wa jirani hajui mpaka wa shamba. Sumu ikitumika, iwe ile yenye maandishi, iwekwe ndani ya sanduku lililofungwa, mbali na mifugo, na panya waliokufa waokotwe na kuzikwa kila siku. Mtu akila sumu, apelekwe hospitali mara hiyo, na pakiti ya sumu ichukuliwe pamoja naye, ili mganga ajue ni namna gani.

KUSAFISHA NA KUZIKA

Usifagie kinyesi cha panya kikiwa kikavu, kwa kuwa vumbi lake laingia puani. Kwanza hamisha sungura. Changanya sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe na sehemu tisa za maji, nyunyiza mahali penye kinyesi, ungoje dakika kumi, kisha ufute kwa tambara utakalolichoma. Suuza banda kwa maji safi, ulianike juani mpaka likauke, ndipo uwarudishe sungura. Nyasi zote za kulalia zilizochafuliwa zichomwe.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, umshike, uugeuze mfuko ndani nje, uufunge, kisha umzike kwa kina cha futi 2. Nawa mikono kwa sabuni, na watoto nao wafundishwe kunawa kila watokapo kwenye banda.

Yako maonyo mawili ya mwisho. Ukiona panya wanakufa wenyewe wengi bila mtego wala sumu, usiwaguse, bali wapashe habari watu wa afya siku hiyo hiyo, kwa maana yaweza kuwa tauni. Na mahali palipopata kuwa na tauni, usianze kuua panya kwa wingi kabla ya kuwauliza wao. Mwaka 1898 daktari Mfaransa Paul-Louis Simond, akifanya kazi India, alionyesha kwamba ni viroboto wanaopeleka tauni kutoka panya hata mtu. Kiroboto humwacha panya aliyekufa na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo viroboto huuawa kwanza, kisha panya.

KAZI ZA KUKUMBUKA

Kila siku: zoa makombo na kinyesi asubuhi, toa nafaka kwa kipimo alasiri, ondoa mabaki saa mbili usiku, tazama sanduku la kuzalia lenye watoto.

Kila wiki: kagua wavu, kofia za miguu, paa na stoo, ziba tundu lolote jipya, nyunyiza majivu usiku mmoja na kusoma alama.

Kila mwezi: fyeka uwanja, ondoa kuni, matofali na takataka zilizolundikana, osha banda zima na kulianika.

Baada ya mavuno: tega mitego mapema, kabla panya shamba hawajafika nyumbani.

Sungura wa hadithi zetu huwashinda tembo na simba kwa werevu wake. Sungura wa bandani hana njia ya kutumia werevu. Amefungiwa, hawezi kukimbia wala kuchagua mahali pa kuwaficha watoto wake. Werevu wote umebaki kwako. Ukiisha kusoma karatasi hii, wasomee na jirani zako, hasa yule ambaye stoo yake ipo karibu na banda lako. Kwa kuwa ukifukuza panya wako, nyumba yake ndiyo watakayoijaribu kwanza.